Fuwele dhaifu: kujua kinachoiharibu, na kuieleza kabla haijabadilika

Nilifungua boksi, nikainua pamba, na pamba ikainuka na sindano zake. Jiwe lilibaki chini limenyolewa. Ilikuwa sampuli ya natrolaiti, kishada cha sindano nyeupe zilizochomoza kutoka kitovu kimoja, kila moja nyembamba kama unywele. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe, kwa pamba safi, nikiamini kwamba kitu dhaifu hulindwa kwa kitu laini. Nyuzi za pamba zikajisokota kwenye sindano, na kila gari lilipotikisika zikavuta. Ndani ya boksi hilohilo kulikuwa na kipande cha kalsaiti nilichokizungushia karatasi tu bila kukifikiria sana. Kilifika kizima.

Tangu siku hiyo neno "dhaifu" silitumii bila kuuliza: dhaifu kwa lipi? Ipo fuwele inayokwaruzika kwa kucha lakini haipasuki ovyo. Ipo isiyokwaruzika kwa kisu lakini hupasuka kwa pigo dogo. Ipo inayokatika kwa sababu tu ya umbo lake, inayoyeyuka kwa unyevu, inayopukutika kwa ukavu, na ipo inayoharibiwa na mwanga wa dirishani bila mtu kuigusa. Asiyejua ameshika ipi atailinda dhidi ya adui asiyekuwepo, na aliyepo atamwacha aingie.

Ugumu na uimara

Mkanganyiko mkubwa unaanzia kwenye neno "ugumu". Mwaka 1812 mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini kumi kwa kigezo kimoja tu: lipi linalikwaruza lingine. Talki ikashika nafasi ya 1, jasi 2, kalsaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, othoklasi 6, kwatzi 7, topazi 8, korundi 9 na almasi 10. Orodha hiyo inaonyesha nani yuko juu ya nani, lakini haisemi amemzidi kwa kiasi gani. Pengo kati ya korundi na almasi ni kubwa kuliko lile la topazi na korundi, ingawa yote mawili yameandikwa kama hatua moja. Tena orodha inazungumzia mkwaruzo peke yake. Haisemi lolote kuhusu pigo, joto wala maji.

Almasi haikwaruzwi na madini mengine, na bado pigo moja kwenye upande unaofaa huigawa vipande viwili vyenye nyuso laini. Sababu iko ndani ya mpangilio wa atomi. Katika fuwele atomi zimejipanga safu kwa safu, na kati ya baadhi ya safu vifungo ni vichache au ni hafifu. Hapo ndipo fuwele inapoachia. Ulanga una upande mmoja wa kupasukia, ndiyo maana unabanduka kama kurasa za daftari. Kalsaiti ina pande tatu. Floraiti ina nne. Kwatzi haina njia ya mpasuko ya maana, hivyo ikivunjika huvunjika kama chupa, kwa mikunjo ya mviringo.

Inasimuliwa kwamba padre Mfaransa René Just Haüy aliangusha fuwele ya kalsaiti alipokuwa akitazama mkusanyiko wa rafiki yake. Alipookota vipande aliona kwamba vikubwa kwa vidogo vina umbo lilelile, kisanduku kilichosukumwa kikalala upande. Akaendelea kuvunja nyingine makusudi, na matokeo hayakubadilika. Mwaka 1784 alichapisha nadharia kwamba fuwele imejengwa kwa matofali madogo yanayofanana. Leo tunazungumzia atomi na wala si matofali, lakini wazo lake la mpangilio unaojirudia ndilo msingi wa elimu yote ya fuwele.

Kwa mkusanyaji jambo hili ni la kila siku. Chukua mchemraba wa floraiti uliopoteza kona. Penye kona utaona pembetatu bapa, inayong'aa, safi kiasi kwamba anayeanza huiandika kuwa uso wa asili wa fuwele. Ielekeze kwenye taa na uizungushe polepole chini ya lenzi ya mara 10. Uso uliokua wenyewe mara nyingi una alama za kukua: mistari, vishimo, vilima vidogo vilivyopangika. Uso wa mpasuko una vingazi vikali na ufa mwembamba unaoingia ndani ukirudisha rangi za upinde wa mvua. Ukiona ufa huo, ujue kona hiyo ilipigwa, na inaweza kuendelea kuachia. Usiioshe floraiti kwa maji ya moto. Kubadilika kwa joto kwa ghafla kunatosha kuipasua.

Tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967 katika eneo la Mirerani, imewaponza wengi kwa njia hiyohiyo. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, namba inayotia moyo. Lakini ina upande mmoja wa kupasuka kirahisi kabisa, na haipendi joto la ghafla wala mashine ya kusafishia kwa mitetemo. Kinyume chake ni jasi. Mwaka 2000 wachimbaji wa Naica, Meksiko, walikuta pango lenye fuwele za jasi zinazozidi urefu wa mita 11, katika joto la karibu nyuzi 58. Nguzo zile, kubwa kuliko mti, zinakwaruzwa kwa kucha ya kidole. Zilidumu kwa sababu zilikua polepole mno ndani ya maji yaliyotulia, yaliyozibeba pande zote. Ukubwa haukuzifanya kuwa imara.

Umbo nalo lina lake. Fedha ya asili ya Kongsberg, Norwe, yaani madini ya fedha yenyewe, mara nyingi ni nyaya zilizojikunja. Haivunjiki kirahisi, inapinda, na ukiinyoosha umeiharibu. Krokoaiti ya Tasmania, michi yenye rangi ya machungwa iliyopandana ovyo kama kuni zilizomwagwa, hukatika kwa uzito wake yenyewe ikiinuliwa vibaya. Kwa sampuli za namna hii kanuni ni moja: shika jiwe mama, yaani mwamba ambao fuwele zimeota juu yake, usiguse fuwele kabisa, na vumbi liondolewe kwa kipulizio cha mpira, si kwa brashi wala kwa pumzi, kwa maana pumzi ina maji.

Hewa, maji na mwanga

Hapa ndipo penye uharibifu wa kimyakimya, na kwa maoni yangu ndipo makusanyo mengi yanapofia.

Siku moja nilivuta droo nikapokewa na harufu kali, kama ya kiberiti kilichozimwa. Pairaiti iliyokuwa pembeni, madini ya njano inayong'aa ambayo wengi huyadhania dhahabu, ilikuwa imeota unga mweupe wenye ukijivu ndani ya kila ufa. Kona moja ilikuwa imevimba na kufunguka. Lebo niliyoiweka chini yake ilikuwa ya kahawia, na nilipoigusa ilivunjika kama jani kavu. Kalsaiti iliyokaa jirani ilikuwa imepoteza mng'ao upande mmoja, ule uliotazamana nayo.

Kilichotokea kinaelezeka. Pairaiti ni chuma na salfa. Ikikutana na oksijeni na unyevu, baadhi yake hugeuka kuwa chumvi za salfeti ya chuma, ndio ule unga, pamoja na asidi ya salfa. Chumvi hizo zinachukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyozizaa, hivyo zinasukuma kutoka ndani na kuipasua sampuli. Asidi inakula karatasi, boksi na majirani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, kazi hiyo inakwenda mbio. Makasaiti, yenye kemia ileile lakini atomi zilizopangwa vingine, kwa kawaida huwahi zaidi. Dawa ya kwanza ni kuitenga sampuli siku hiyohiyo. Unga uondolewe ukiwa mkavu, kisha sampuli ifungiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na silika jeli ya kufyonza unyevu. Ukiiosha kwa maji na kuirudisha droo, umeulisha ugonjwa.

Basi je, tukaushe kabati zima? Hapana, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Chumvi ya mawe inataka ukavu: unyevu ukifika karibu asilimia 75, mchemraba wake huanza kuvuta maji kutoka hewani, kona zinalainika, mwishowe unakaa ndani ya dimbwi lake. Lakini lomontaiti, mojawapo ya kundi la madini liitwalo zeolaiti, ina maji ndani ya muundo wake, na hewa kavu huyanyonya. Michi yake iliyotoka mwambani ikiwa mizima inageuka chaki na kumomonyoka. Boraksi nayo ikikauka hufunikwa na ganda jeupe mpaka fuwele iliyopitisha mwanga haionekani tena. Kalkanthaiti, ile salfeti ya shaba yenye bluu ya kung'aa, huanza kupauka na kupukutika ikikaa pakavu. Hakuna hali ya hewa moja inayowafaa wote hawa. Suluhisho ni kila sampuli ya aina hii kuwa na kiboksi chake kilichofungwa, chenye hewa yake, na kipima unyevu kidogo ndani ya droo ili usikisie.

Wapo wanaoinywesha lomontaiti gundi nyembamba ili isimomonyoke. Siipendi njia hiyo, maana gundi hubadilisha mng'ao na huvuruga vipimo vya baadaye. Lakini nimeona sampuli ambazo pasipo gundi zingekuwa unga leo. Anayefanya hivyo aandike: gundi gani, lini, wapi.

Mwanga ni adui wa namna nyingine kwa sababu ndio huohuo tunaoutumia kuangalia. Realga, yenye wekundu wa kupendeza, ikikaa kwenye mwanga muundo wake hugeuka, na hufunikwa unga wa manjano unaoendelea kuila. Vivianaiti ikitoka ardhini inaweza kuwa karibu haina rangi. Chuma chake kinapopoteza elektroni, inakuwa kijani, kisha bluu nzito, mpaka inakaribia weusi. Prustaiti, madini mekundu ya fedha, hufifia na kuwa giza. Baadhi ya topazi za kahawia na amethisti hupauka juani. Hizi zinakaa kwenye giza na kutolewa kwa dakika chache. Realga ina aseniki, kwa hiyo baada ya kuishika osha mikono na usile mezani ulipofanyia kazi. Tahadhari hiyo inahusu pia madini ya risasi na ya zebaki. Sampuli zenye nyuzi za asbesto zifungiwe kabisa, zisipulizwe wala kupigwa brashi.

Nina la kuongeza kuhusu joto. Fuwele ya salfa, ya manjano kama kiini cha yai, ikishikwa kiganjani huweza kutoa sauti ndogo ya kupasuka. Salfa inapitisha joto vibaya, hivyo upande unaogusa ngozi unatanuka huku ndani kukiwa bado baridi. Ukiiweka karibu na sikio unasikia mwenyewe jinsi inavyoumia. Ibebe ndani ya kiboksi chake.

Maelezo ni sehemu ya sampuli

Kama fuwele inaweza kubadilika rangi, kupoteza ncha au kuwa unga, basi maandishi uliyoyaandika siku ulipoipata ndiyo ushahidi pekee wa jinsi ilivyokuwa. Ndiyo maana nasema kukusanya na kueleza ni kazi moja.

Kinachotangulia jina ni mahali. Kemia ya fuwele inaweza kupimwa upya baada ya miaka mia, pembe zake pia. Mahali ilipotoka kwa kawaida hapapimiki. Pakipotea pamepotea, na sampuli inabaki pambo. Andika jina la mgodi au machimbo, shimo au ngazi kama unajua, wilaya, mkoa, nchi, na nani alikupa au kukuuzia. Lebo ya zamani usiitupe hata ikiwa na kosa. Andika yako, uziweke zote mbili.

Kisha jina, na hapa uaminifu unapimwa. Shirika la Kimataifa la Elimu ya Madini, IMA, lililoanzishwa mwaka 1958, ndilo linaloidhinisha majina, na aina za madini zilizokubaliwa sasa zinapita 6,000. Nyingi hazitofautishwi kwa macho. Sindano nyeupe kwenye basalti, mwamba mweusi wa volkano, zinaweza kuwa natrolaiti, yenye sodiamu, au skolesaiti, yenye kalsiamu, au mesolaiti, yenye zote mbili. Kama hukupima, andika "zeolaiti ya sindano, huenda ni natrolaiti, haijapimwa". Jina lenye shaka iliyoandikwa linamsaidia atakayekuja baadaye. Jina la uhakika lisilo na msingi linampoteza, tena linanakiliwa kutoka lebo hadi lebo.

Katika umbo, hesabu kabla ya kusifu. Mwaka 1669 Nicolas Steno alionyesha kwamba pembe kati ya nyuso zilezile za madini yaleyale hazibadiliki, fuwele iwe kubwa au ndogo, nono au nyembamba. Mche wa kwatzi, yaani mwili wake mrefu kama nguzo, una pande sita zinazokutana kwa nyuzi 120, hata kama pande mbili ni pana na nne ni nyembamba kiasi cha kukudanganya jicho. Kwa hiyo hesabu pande, tazama ncha, angalia mistari inakwenda kwa urefu au inakata mche. Katika kwatzi mistari ya pembeni hukata mche. Katika beriili na tomalini hufuata urefu. Dokezo dogo hilo limeniokoa mara nyingi kuliko rangi. Rangi mimi huiandika karibu na mwisho, nikitaja iko wapi na niliiona kwa mwanga gani: "haina rangi kwenye ncha, nyeupe ya maziwa kwenye shina, mwanga wa mchana". Mng'ao nao una maneno yake, na yanatosha: wa kioo, wa almasi, wa lulu, wa hariri, wa utomvu, wa metali.

Baada ya hapo ni majeraha. Panahitaji jicho tulivu, kwa sababu si kila pasipokamilika pamevunjika. Fuwele iliyokua ikigusana na nyingine huacha uso uliokwama, wenye alama ya jirani yake, bila ung'avu wa mvunjiko mpya. Huo ni mgusano, ni sehemu ya historia ya ukuaji wake, usiuandike kuwa kasoro. Mvunjiko mpya ni mkali na safi. Wa kale, uliotokea mwambani, mara nyingi umeanza kujiponya kwa vijifuwele vidogo vilivyoota juu yake. Tofautisha pia kurudishia na kujazia. Kurudishia ni kubandika kipande cha fuwele yenyewe kilichokatika. Kujazia ni kutengeneza kwa resini, utomvu unaokauka kuwa mgumu, sehemu ambayo haipo. Yote mawili yanaruhusiwa yakitajwa. Chini ya mwanga wa urujuanimno gundi nyingi huwaka rangi tofauti na jiwe, hivyo inafaa kumulika kabla ya kuandika "haijatengenezwa".

Tuangalie mfano. Lebo niliyoandika miaka ya mwanzo ilisema: "Fuwele nyeupe nzuri sana, kama sindano, dhaifu." Hakuna hata neno moja linalomwezesha mtu kuitambua sampuli ile kati ya nyingine kumi. Sampuli ya aina hiyohiyo sasa ningeiandika hivi:

"Zeolaiti ya sindano, huenda ni natrolaiti, haijapimwa, juu ya basalti nyeusi yenye matundu. Sampuli nzima milimita 62 × 48 × 35. Kishada kimoja cha nusu duara, kipenyo milimita 27, sindano hadi milimita 14, unene chini ya nusu milimita. Ncha hazina rangi na zinapitisha mwanga, shina ni jeupe. Mng'ao wa kioo. Upande wa kushoto sindano kama 20 zimekatika, mvunjiko mpya. Nyuma ya kishada pana mgusano. Hakuna gundi iliyoonekana kwa urujuanimno. Ishikwe kwa basalti tu. Isiguswe kwa pamba."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inamwambia atakayeishika ni udhaifu wa namna gani ulio mbele yake, na neno "dhaifu" halimo.

Namba ya sampuli huandikwa kwa wino juu ya tone dogo la resini inayoweza kuondolewa, kwenye jiwe mama, upande usioonekana, kamwe si juu ya fuwele. Namba hiyohiyo iwe kwenye lebo, kwenye daftari na kwenye picha yenye rula na tarehe. Daftari likae mbali na droo. Pairaiti yangu ilikula lebo, lakini mahali ilipotoka napajua, kwa sababu pameandikwa kwingine.

Na kwa safari: gandisha jiwe mama chini ya kiboksi kigumu kwa udongo wa kunata, fuwele zielee hewani bila kuguswa na chochote, hata kifuniko. Kiboksi hicho kiingie ndani ya kingine kikubwa, sponji ijazwe kati ya viwili hivyo. Kabla ya kufunga, piga picha kutoka juu. Upande wa pili, mfunguaji ahesabu sindano zilizolala sakafuni mwa kiboksi, aandike idadi na tarehe kwenye mstari unaofuata wa daftari.